Kutengeneza muziki ya Kikristo ya kielektroniki ukiwa msanii huru: mambo ya kujua

Kijana aliye na simu, kaske na mega kidogo anaweza leo kutengeneza wimbo wa kumsifu Mungu wenye mdundo wa house ao amapiano, bila kungojea studio kubwa wala tajiri wa kumlipia. Iwe Goma, Bukavu, Beni, Bunia, Uvira ao Kalemie, vyombo ni vilevile. Lakini kutengeneza wimbo ni jambo moja, na kuwa mwenyewe wa huo wimbo ni jambo lingine. Wimbo unaweza kupendwa na kanisa zote za mtaa, kisha siku unauweka ku intaneti mtu wa nchi ya mbali anasema biti ni yake. Ao mtu aliyelipa saa za studio anasema wimbo ni wa kanisa, si wako. Katika makala hii tunaeleza muziki hii ni nini, inatengenezwa namna gani, na kila hatua ni nini kinabaki mkononi mwako.

Ni muziki gani?

Tunaposema muziki ya dansi ya kielektroniki, tunasema muziki ambayo sehemu yake kubwa inatoka mu mashini: ngoma, besi na sauti za kinanda vinapangwa ku kompyuta ao ku simu, haviongozwi na bendi iliyosimama mbele ya watu. Ndani yake kuko mitindo mingi, na njia rahisi ya kuitofautisha ni mwendo, ni kusema idadi ya mapigo kwa dakika moja. Amapiano ya Afrika Kusini inatembea karibu na mapigo 110 hadi 115. House iko kati ya 120 na 128. Trance inafika 130 hadi 140. Drum and bass inakimbia mpaka 170 na zaidi.

Mu house na trance, ngoma kubwa inapiga ku kila pigo: moja, mbili, tatu, ine, bila kuruka. Amapiano haifuati sheria hiyo; pale besi inayoitwa log drum njo inabeba wimbo.

Kinachofanya wimbo uitwe wa Kikristo si mdundo. Ni maneno, ni nia ya mwimbaji, na ni matumizi yake. Ku waimbaji na korali za kwetu tumezoea kugawanya nyimbo mara mbili: za kuabudu, zenye kwenda polepole, na za kusifu, zenye kuchezwa. Muziki hii inaingia zaidi upande wa kusifu, ingawa kuko wasanii wanaoitumia pia kwa maombi ya utulivu.

Ilitoka wapi?

Watu fulani wanafikiri ni kitu cha klabu za usiku peke yake. Historia haisemi hivyo kabisa. House ilizaliwa Chicago, Marekani, na jina lake linahusishwa na klabu iliyoitwa The Warehouse, iliyofunguliwa 1977, ambako DJ Frankie Knuckles alikuwa akipiga muziki. Ni kweli ilikuwa klabu. Lakini waimbaji wengi wa house ya kwanza waliimba kwa namna waliyojifunza mu kanisa za watu weusi: kuita na kuitikiwa, kupandisha sauti, kurudia neno moja mpaka watu wote wanasimama.

Wakristo nao hawakukawia. Ku mji wa Manchester, Uingereza, miaka ya 1990, kundi World Wide Message Tribe lilipeleka muziki ya dansi mu mashule kwa ajili ya Injili. Mwingereza Andy Hunter alitoa albamu Exodus mwaka 2002. Nako Australia, vijana wa Hillsong Young & Free walitoa albamu yao ya kwanza 2013, na nyimbo zao zilifanya sinteza na midundo ya dansi zizoeleke mu ibada za vijana nchi nyingi.

Kwetu Kongo pia, muziki ya mashini si mgeni. Konono Nº1 ya Kinshasa, chini ya Mingiedi Mawangu, ilipiga likembe kwa mikro zilizotengenezwa na sumaku za magari ya zamani, na albamu yao Congotronics ya 2004 ilifika mbali duniani. Hawakuwa kundi la kanisa, lakini walionyesha kwamba mtu wa Kongo anaweza kujitengenezea chombo chake mwenyewe, na sauti ikatoka ambayo hakuna mwingine yuko nayo.

Mfano wa mtu aliyebaki huru

Mfano mzuri wa msanii huru ni Robert Hood, mzaliwa wa Detroit, Marekani. Alikuwa kati ya kundi Underground Resistance, kisha mwaka 1994 akaanzisha lebo yake mwenyewe, M-Plant. Mwaka uleule alitoa Minimal Nation, kazi ambayo wapenzi wa tekno wanaiheshimu mpaka leo. Hood ni mhubiri pia. Kwa jina la Floorplan anatoa nyimbo za house na tekno zenye sauti na maneno ya Injili, na albamu Paradise ilitoka 2013. Tangu albamu Victorious ya 2016, anafanya Floorplan pamoja na binti yake Lyric.

Kuko mambo mawili ya kushika. La kwanza: hakuacha ufundi wake ili aonekane mtu wa kanisa, wala hakuficha imani ili apigwe mu klabu. La pili: lebo ni yake. Hakuna mtu anaweza kuamua kesho kwamba nyimbo hizo ziondolewe, ao ziuzwe kwa njia asiyopenda, bila kupita kwake.

Vyombo vya kuanzia

Usinunue vitu vingi mbele ya kujua unachohitaji. Ku simu, programu BandLab ni ya bure, na ina vipande vya sauti ambavyo unaruhusiwa kuvitumia. FL Studio Mobile inalipiwa mara moja. Ku kompyuta, LMMS ni ya bure na inakubali hata mashini yenye nguvu kidogo. Audacity ni ya bure kwa kurekodi na kukata sauti. Vital na Surge XT ni sinteza za bure zenye uwezo mkubwa. Wengi wanapenda FL Studio. Jua tu kwamba ile ya majaribio inakuacha utengeneze na utoe wimbo, lakini ukifunga kazi hauwezi kuifungua tena kama ulivyoiacha mpaka ununue.

Kuhusu programu za wizi zinazopitishwa ku flashi: zinaleta virusi mara nyingi, na siku mashini inakufa, kazi ya mwaka mzima inakwenda nayo.

Umeme njo adui wa bitimeka wa kwetu. Ukiwa na kompyuta ya kubeba yenye betri nzuri, uko mbele ya mwenye mashini kubwa ya mezani. Zoea kuhifadhi kazi kila dakika chache. Weka nakala mbili: moja ku flashi ao diski ya nje, na moja kwa ndugu anayekaa nyumba ingine. Nyumba inaweza kuungua, mtu anaweza kukimbia vita na nguo alizovaa tu. Nakala iliyo kwa mwingine njo inaokoka.

Kwa sauti ya mtu, chumba ni muhimu kuliko bei ya mikro. Chumba chenye godoro, pazia na nguo nyingi kinanyonya mwangwi. Chumba cha ukuta mtupu kitaharibu hata mikro ya bei kali. Rekodi wakati jenereta ya jirani imezimwa na mvua haipigi mabati.

Kujenga wimbo

Mtu wa Kongo iko na faida hapa. Anajua tangu utoto kwamba wimbo unaanza kwa utulivu, mwimbaji anaeleza, kisha gitaa inaachiliwa na seben inaingia, watu wanaamka. Muziki ya dansi ya kielektroniki inafuata njia hiyohiyo. Sehemu ya kwanza inaeleza. Kisha mvutano unapanda: ngoma zinaongezeka, besi inaondolewa, sauti inapanda juu. Halafu kimya cha nusu sekunde, na kila kitu kinashuka pamoja. Mshuko huo njo seben ya mashini.

Panga kazi kwa makundi ya mizunguko 8. Kwa mwendo wa mapigo 124, mizunguko 8 inachukua karibu sekunde 15 na nusu. Kila sekunde 15 hivi, kitu kimoja kibadilike: ongeza makofi, toa besi, ingiza korali. Ukikaa dakika nzima bila badiliko, wachezaji watarudi ku viti.

Kosa la wengi ni kujaza. Ngoma kubwa na besi zinakaa mu nafasi moja ya sauti ya chini, na zikipiga pamoja zinagombana. Bitimeka wanapanga besi ijishushe kidogo kila mara ngoma inapopiga. Njo maana unasikia muziki hii kama inapumua.

Sikiliza kazi yako ku bafle kubwa, ku kaske, na ku redio ndogo ya betri. Kipaza sauti cha simu na cha redio ndogo hakitoi besi nzito. Wimbo uliotegemea besi peke yake, msikilizaji wa kijijini atasikia paka makofi na mwimbaji. Ongezea besi ukwaruzo kidogo wa juu, na itasikika hata pale.

Kwa maneno, usiandike mengi. Wimbo wa dansi unabeba sentensi moja ao mbili zenye kurudiwa. Chagua sentensi ambayo mama wa soko ataweza kuishika mara ya kwanza. Kiswahili, Kilingala, Mashi, Kinande, Kifuliiru, yote inafaa. Lugha ambayo unaomba nayo ukiwa na shida ndiyo itaimba vizuri zaidi.

Haki: ni nini iko yako?

Hapa njo penye wengi wanaumia. Ndani ya wimbo mmoja kuko vitu viwili: utunzi, ni kusema maneno na melodia, na rekodi, ni kusema sauti ile iliyofungwa ku faili. Vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Sheria ya Kongo kuhusu haki za watunzi ni Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 kisha kifo chake. Chombo cha kukusanya na kugawa haki hizo ni SOCODA.

*Biti iliyopakuliwa.* Biti nyingi, ambazo wengine wanaziita instru, zinaandikwa ku YouTube kwamba ni za bure. Mara nyingi maana yake ni bure kama hautafuti pesa. Na hata ukinunua kibali cha bei ndogo, bitimeka anaweza kuuzia watu 100 biti ileile. Mmoja wao akiisajili mbele yako ku mfumo wa kutambua sauti wa YouTube, video yako itapata dai, na pesa ya matangazo itakwenda kwake. Soma kibali mpaka mwisho, na ukihifadhi pamoja na risiti. Kama unaweza, tengeneza biti yako mwenyewe, hata iwe nyepesi.

*Nyimbo za kitabu.* Wengi wanapenda kuchukua wimbo wa zamani wa kitabu cha kanisa na kuuwekea mdundo mpya. Inawezekana, lakini wimbo kuwa wa zamani haimaanishi kila neno lake ni huru. Mfano: wimbo unaojulikana kwa Kiingereza kama How Great Thou Art ulitoka ku shairi la Msweden Carl Boberg la mwaka 1885, na Boberg alikufa 1940. Lakini maneno ya Kiingereza ni ya Stuart Hine, yalitolewa 1949, na Hine alikufa 1989. Shairi la kwanza na tafsiri havina umri mmoja mbele ya sheria. Tafsiri ya Kiswahili nayo iko na mtafsiri wake. Kwa hiyo, mbele ya kutoa wimbo wa kitabu, tafuta majina matatu: aliyeandika maneno, aliyetunga melodia, na aliyetafsiri.

*Korali na marafiki.* Kama watu watano wameimba, na mmoja ametoa melodia, andikeni ku karatasi mgao wa kila mmoja siku ileile ya kurekodi. Usiseme tutaongea kisha. Wakati wimbo hauna pesa, kila mtu ni ndugu. Siku unapata pesa, kila mtu anakumbuka kwamba yeye njo alianza.

*Anayelipa studio.* Pasta, mjomba ao mfanyabiashara anaweza kukulipia. Ni baraka, lakini muulize mapema: ni zawadi, ni deni, ao ni kununua rekodi? Jibu liandikwe, na sahihi mbili zikae chini. Kumuomba mzee aandike si kumkosea heshima. Unamwambia, baba, ninataka tusigombane kesho.

*Programu za akili mnemba.* Zinatoa wimbo mzima kwa dakika moja. Mipango mingi ya bure haikuruhusu kuuza kile kimetoka, kwa hiyo soma masharti mbele ya kuweka jina lako.

Mbele ya kanisa

Tusijidanganye, kuko kanisa ambazo hazitaipokea. Wazee wanasema mdundo huu unakumbusha klabu, unaamsha mwili kuliko roho, na vijana watashindwa kutofautisha. Vijana wanajibu kwamba gitaa na ngoma navyo vilikataliwa mahali fulani, na leo vinapigwa mbele ya madhabahu. Pande zote mbili ziko na sehemu ya ukweli.

Historia inatoa onyo moja. Sheffield, Uingereza, mwaka 1986, ilianza ibada ya vijana yenye muziki ya dansi na mataa, Nine O'Clock Service. Ilijaa watu. Mwaka 1995 ilifungwa, kisha kujulikana kwamba kiongozi wake alikuwa amedhulumu wanawake wa kundi. Mdundo haukuwa shida. Shida ilikuwa kiongozi ambaye hakuna mtu aliweza kumuuliza swali. Msanii huru naye sherti awe na watu wa kumuuliza: kuhusu pesa, kuhusu mwenendo, kuhusu wasichana na wavulana wanaoimba naye.

Namna nzuri ni kupeleka maneno mbele ya mdundo. Mpe pasta karatasi ya maneno asome. Kisha muimbie bila biti. Kisha msikilize wote wimbo wenyewe. Omba kuanza ku mkutano wa vijana mchana, si ku ibada kubwa ya Jumapili. Mchana ni vizuri pia juu ya usalama: wazazi wanajua mtoto atarudi mbele ya giza.

Kutoa wimbo na kupata pesa

Toa faili nne: wimbo kamili, biti peke yake kwa kuimba juu yake mu kanisa (plebeki), sauti peke yake, na wimbo mfupi wa redio wa dakika 3 na nusu hivi.

Juu ya mega, hesabu ni hii kwa wimbo wa dakika 4. Faili ya WAV ya biti 16 inachukua karibu mega 42. WAV ya biti 24 ni karibu 63. MP3 ya 320 ni karibu mega 10, na MP3 ya 128 haifike 4. Weka WAV kwa wasambazaji wa intaneti, MP3 ya 320 kwa redio, na ile nyepesi kwa WhatsApp. Ukitumia redio faili iliyopita mu WhatsApp kama ujumbe wa sauti, itasikika kama imefunikwa na blanketi.

Audiomack inakubali msanii apakie mwenyewe bila kulipa. Kwa kufika majukwaa mengi, kuko wasambazaji. CD Baby inalipisha mara moja kwa kila kazi. DistroKid inalipisha kwa mwaka, na ukiacha kulipa, nyimbo zinaweza kuondolewa kama haukulipia huduma ya kuziacha. Kila rekodi inapata kodi inayoitwa ISRC, yenye herufi na namba 12. Iandike ku daftari. Ukibadilisha msambazaji, utaomba kodi ileile ili hesabu ya wasikilizaji isianze tena ku sifuri. Akaunti ifunguliwe kwa imeili yako, si ya rafiki anayejua mambo ya kompyuta.

Kuhusu pesa, tuseme ukweli. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haukufikisha kusikilizwa mara 1,000 mu miezi 12. YouTube inataka wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa kwa mwaka ili kugawana pesa ya matangazo, ao kutazamwa mara milioni 10 kwa siku 90 ku video fupi. Mbele ya kuhesabu faida, angalia kama jukwaa linakubali nchi uliyoandika, na pesa itakufikia kwa njia gani. Watu wa Goma na Bukavu wanajua: mwanzoni mwa 2025 benki zilifunga milango, na mwenye pesa ku akaunti hakuweza kuigusa. Usitegemee njia moja.

Kwa wengi wa kwetu, pesa ya kwanza haitoki ku intaneti. Inatoka ku arusi, ku mikutano ya vijana, ku kutengenezea korali biti, na ku kufundisha wengine. Hizo zote zinalipwa mkononi ao ku simu, na zinakujengea jina mbele ya watu wanaokujua.

Mbele ya kubonyeza «toa»

- Ninajua kila sauti ya biti imetoka wapi, na niko na karatasi yake.
- Majina ya mtunzi, mwimbaji na bitimeka yameandikwa sawa.
- Mgao umeandikwa na kila mmoja ametia sahihi.
- Aliyelipa anajua alicholipia.
- Nakala mbili za kazi ziko mahali mawili.
- Nimesikiliza ku redio ndogo.
- Akaunti, imeili na neno la siri ni vyangu.

Ukikosa jibu ku mstari mmoja, ngojea wiki moja. Wimbo hauozi. Ugomvi wa kisha, njo unachukua miaka.